Msichana Aliyesemwa Amemaliza Ng'ombe

Kwetu Kisaju, mwanaume akikutana na mwanamke husema "Takwenya," na mwanamke hujibu "Iko." Ni neno dogo, hata mgonjwa hulijibu akiwa amelala. Mimi Naisenya nilimnyima Meitamei hilo neno tangu ule ukame mkubwa, na kila mtu kutoka hapa mpaka Kitengela alijua nimemnyima. Anasema takwenya, mimi naangalia ng'ombe. Anasema tena, naangalia mawingu. Pasta alikuja kunisihi, nikamwekea chai, akanywa, akaenda zake. Nilisema huyo mtu atanisikia nikimjibu siku atakayolitapika neno lake mbele ya watu, kwa mdomo ule ule uliolisema. Lilikuwa neno la kumhusu mjukuu wangu Seleyian.

Seleyian ni mtoto wa kijana yangu Parsaoti. Parsaoti alikufa huyu mtoto akiwa hajaota meno ya pili, mama yake akaolewa Ewuaso Kedong, na mimi nikabaki naye. Watu wakasema huyu mama mzee atalea nini. Nikalea.

Alikuwa mtoto wa kukaa kimya. Nilimpa ndama achunge, na akirudi nikimuuliza zimekula aje, haniambii zimekula. Ananiambia ile ya madoa ilisimamisha masikio kabla hizo zingine kujua kitu. Nikamuuliza ilisikia nini. Akasema hajui, yeye hakuona kitu, lakini masikio yalisimama, halafu hata zile zilizokuwa zimelala zikaanza kusimamisha. Nikamwambia aende anawe miguu.

Shule alipita zote. Akaenda chuo Nairobi akasoma hesabu, si hii hesabu ya dukani, ile wanaiita takwimu, ya kukisia na akili. Aliporudi aliandikwa kazi Kitengela, kwa ofisi iliyo juu ya duka la mbegu, ya watu wanaowaambia wafugaji habari ya soko. Mkubwa wake anaitwa Khisa, mtu wa Bungoma, anacheka kabla ya kumaliza maneno. Seleyian alipanga nyumba huko huko, na Jumamosi anakuja kwangu, mimi Koko wake, amevaa raba na shuka juu ya suruali. Analeta mkate na anakula nusu yake kabla haujafika mezani.

Kazi yake wakati ule ilikuwa kusimama sokoni na simu. Huyu dume ameenda kwa bei gani, hii mbuzi je, robota la nyasi ni ngapi leo. Anaandika kwa simu. Anauliza kuhusu dume, ananyoosha kidole kwa dume. Hapo ndipo taabu ilizaliwa. Kwetu ng'ombe hazihesabiwi, si kwa mdomo, si kwa kidole. Mwenyewe anazijua kwa rangi na kwa uso. Zikiingia boma anaangalia tu, na kama ile ya pembe iliyovunjika haiko, anajua haiko. Kuhesabu ng'ombe za mtu ni kuziitia kifo. Seleyian anaijua hiyo mila kama mimi, na hakuhesabu hata moja. Bei ndiyo alikuwa akiuliza. Lakini mtu akiwa mbali haoni swali, anaona kidole na simu.

Halafu ule ukame ukaja. Ng'ombe zilikufa mpaka fisi wakachoka. Watu walitaka wa kulaumu, na mvua haina nyumba ya kuiendea.

Meitamei alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuuza mifugo, na ni mzee wa kanisa. Anavaa kofia ya ngozi hata kwa joto. Jumapili moja tumetoka kanisani, watu bado wamesimama pale nje, akasema kwa ile sauti yake ya kutoa matangazo: "Ng'ombe hazikumalizwa na jua. Huyu msichana wa Parsaoti amezihesabu mpaka zikaisha."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali.

Kulikuwa na watu wa Mashuuru waliokuwa wamekuja kumposa Seleyian. Kijana wao ni mwalimu, na walishaleta sukari na asali. Wiki hiyo walituma mtu kutuambia wanangoja kwanza. Kina mama wakawa wanaingiza ndama nyuma ya nyumba huyu mtoto akipita. Seleyian akaacha kuja sokoni, akawa anauliza bei kwa simu akiwa Kitengela. Hakulia mbele yangu. Alikaa kwa kiti pale nje akabandua ngozi kando ya ukucha wa kidole gumba mpaka damu ikatoka, akaipangusa na shuka, akabandua tena. Mimi niliangalia hiyo damu. Nikasema, Meitamei, wewe hunijui.

Watu hufikiri mama mzee akinyamaza amesahau. Mimi nilikuwa nakaa nayo hiyo hasira asubuhi nikikamua, nakaa nayo nikisali. Nilimwomba Mungu anipe siku yangu, na sikuona aibu kuomba.

Mvua ilirudi, nyasi ikarudi, watu wakanunua ng'ombe tena. Seleyian aliendelea na kazi yake. Jumamosi moja alikuwa amefungua kompyuta kwa veranda yangu, na ndani nikaona mistari, mmoja unapanda, mwingine unashuka, kama njia za mbuzi kwa mlima. Nikamwambia anieleze ile kitu iliyomharibia jina. Akasema mstari huu ni bei ya ng'ombe, huu mbuzi, huu nyasi, huu mahindi, huu dola ya Wazungu. Kila mmoja una mstari mwekundu chini yake. Nikamuuliza huo mwekundu umetoka soko gani.

"Huo haukutoka sokoni, Koko. Huo ni woga wa bei."

Nikamwambia bei haina woga. Akaniuliza kama nakumbuka ile ndama ya madoa. Basi akanieleza hivi. Bei ni miguu ya ng'ombe, unaiona ikipiga hatua. Woga huuoni. Ukiona hatua zimekuwa kubwa kubwa, za huku na huku, unajua ndani kuna woga. Na woga una tabia yake. Iliyoogopa jana, leo bado inashtuka na kitu kidogo, halafu inatulia pole pole. Lakini pia woga unaweza kuongezeka wenyewe, kabla hata miguu haijaruka, na hakuna anayejua umetoka wapi. Kwa hivyo wao hawaangalii miguu peke yake. Wanakisia ule woga uliofichika, wanaukisia tena na tena maelfu ya mara kwa kompyuta, mpaka waone ni upi unafanana na hatua zilizopigwa. Hiyo ndiyo modeli yao. Alinitajia jina lake la Kizungu, likawa refu, nikakataa kulibeba.

"Sasa kila bei iko na woga wake," akasema, "na tena kuna woga mmoja wa zote. Huo mmoja ukiwa mdogo, mbuzi ni mbuzi na ng'ombe ni ng'ombe, kila mtu anakula kwake. Ukiwa mkubwa, zote ni kundi moja. Zinatimka pamoja."

Nikamuuliza kama zote zinashuka pamoja. Akasema hapana, hapo ndipo watu hukosea. Ng'ombe inaweza kuanguka na nyasi ipande siku hiyo hiyo. Moja imekimbilia mtoni, nyingine mlimani, lakini kilichozishtua ni kimoja.

"Na sasa hivi huo woga uko aje?"

Aligusa mstari mmoja mnene pale chini. Ulikuwa umelala kwa muda mrefu, na mwishoni ulikuwa unainua kichwa.

"Hauonekani sokoni," akasema. "Lakini iko."

Nilisikia hilo neno nililomnyima Meitamei, nikacheka peke yangu. Akaniuliza nacheka nini, nikamwambia ni mambo ya wazee. Halafu nikamuuliza bei ya ng'ombe itashuka lini. Akasema hajui. Modeli haisemi zinaenda upande gani, inasema zinaweza kuruka umbali gani, na kama zitaruka pamoja. Mimi sikupenda hiyo. Nilitaka siku, na nilitaka jina la Meitamei ndani yake. Akaniambia yeye si oloiboni wa kutabiri.

Hapo nikamwambia wazo langu. Awaambie wamama wa kikundi kimya kimya, na Meitamei asiambiwe. Woga umkute na kofia yake. Seleyian alifunga kompyuta.

"Modeli haina adui, Koko. Nitawaambia wote, na yeye akiwa amekaa mbele."

"Mimi niko na adui mmoja tu, na unataka kumsaidia."

Alichukua mkate wake uliobaki. Huyo mtoto akiamua ni mkaidi, na najua alitoa wapi.

Mkutano wa kikundi ulikuwa chini ya mabati ya soko. Khisa alikuja na projekta, akatundika shuka jeupe, akachekesha watu kidogo. Kabla Seleyian hajafungua mdomo Meitamei alisimama. Akasema kikundi chetu hakina haja ya mafunzo, kwa sababu yeye amekipanga kama kile kigoda cha miguu mitatu anachokalia mzee. Mguu mmoja ni madume ya kunenepesha, mguu mwingine ni mbuzi, mguu mwingine ni nyasi anayoikata kwenye shamba lake na kuiuza. Mmoja ukilegea, miwili inashika. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilielewa ilikuwa maneno matamu.

Seleyian alisimama. Hakutaja ng'ombe za mtu wala yale ya kanisani. Alisema kigoda cha mwenyekiti ni kizuri kwa siku za utulivu, na sasa utulivu unaisha. Miguu yote mitatu imechongwa kwa mti mmoja. Alishauri kila nyumba iuze sehemu ya madume mapema, wakati hakuna anayekimbilia kuuza, na wanunue nyasi waweke, wakati bei yake imelala. Mtu asilazimishwe kuuza yote, alisema, kwa sababu yeye mwenyewe anaweza kuwa amekosea.

Meitamei alivua kofia akajipepea. "Zamani ulikuwa unahesabu ng'ombe," akasema. "Siku hizi unahesabu upepo. Afadhali. Upepo hauna mwenyewe wa kulia."

Sasa walicheka. Khisa hakucheka. Niliona kidole cha Seleyian kikitafuta ule ukucha, kisha kikaacha. Alikunja shuka la Khisa, akaaga kila mzee kwa heshima, hata huyo. Mimi nilibaki kwa benchi mpaka watu wote wakaisha, na Meitamei akapita mbele yangu akasema takwenya kwa kiburi. Niliangalia mabati.

Jioni hiyo Dinah, mjane jirani yangu, alikuja akaniuliza kama yale ya mtoto ni ya kweli. Nikamwambia mimi mwenyewe nauza kesho. Na nikauza. Dinah akauza, na wamama wengine wakafuata Dinah, kwa sababu Dinah hata kuku hauzi bila kufikiria mwezi mzima. Nyasi tukanunua tukajaza stoo yangu, ile ya mabati aliyojenga Parsaoti, mpaka mlango ukawa haufungi. Nilinunua nikimfikiria Meitamei. Kila robota lililoingia nililipigapiga na mkono.

Miezi ikapita na hakuna kitu. Watu wakaanza kutuita wamama wa upepo. Meitamei aliuza nyasi yake yote, kwa sababu bei ilionekana nzuri, akaongeza madume. Mimi nilikaa.

Kisha mvua ya vuli ikanyesha wiki moja ikakata. Ugonjwa wa midomo na kwato ukaonekana kwa ng'ombe kadhaa, na soko la ng'ombe likafungwa. Huwezi kuuza dume, na huwezi kumsafirisha. Wachinjaji wa Kitengela wakakimbilia mbuzi, bei ya mbuzi ikaruka juu mpaka watu wakashangilia, kisha kila mtu akatoa mbuzi zake siku moja na ikaanguka chini ya pale ilipokuwa. Nyasi ikapanda, unga ukapanda. Yote kwa mwezi mmoja. Kigoda cha Meitamei hakikulegea mguu mmoja. Kilikaa chini.

Mimi nilifungua stoo, nikawa nauza nyasi kwa wamama kwa bei ya kawaida, si ya kuumiza. Nilimngoja.

Alikuja Jumamosi, jua likiwa juu kabisa. Wamama walikuwa kwangu wanabeba nyasi, Seleyian na Khisa wamesimama kwa mlango wa stoo. Meitamei alikuja kwa miguu, na nyuma yake barabarani ng'ombe zake zimesimama kando ya ua wangu, mbavu nje, zinanusa. Alivua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kwa jua.

"Takwenya, ng'oto Parsaoti."

Aliniita mama Parsaoti, kwa heshima. Nilikuwa nafagia. Nikafagia. Akasema amekuja kuuliza kama kuna nyasi.

"Nyasi iko," nikasema.

Uso wake ukafunguka, alidhani amejibiwa. Nikamwambia, "Hiyo ilikuwa ya nyasi. Yako bado."

Dinah alificha uso kwa shuka, mabega yakitikisika. Meitamei akaomba nimuuzie. Nikamwambia nitamuuzia, na kwa bei ile ya Dinah, mimi si mwizi. Shida ni kwamba sijui ng'ombe zake zinataka kiasi gani. Nikamuuliza ziko ngapi.

Aliangalia chini. Akasema, "Unazijua, umeziona tangu zizaliwe."

"Macho yangu yameisha, Meitamei. Wewe zihesabu, nisikie."

Wale waliobeba nyasi wakaiweka chini. Alinitazama kuona kama ni mzaha. Halafu akatazama ng'ombe. Moja ilikuwa imeanza kula mkia wa kamba ya lango langu. Nafikiri hiyo ndiyo iliyomwamulia. Akaanza kwa sauti ya chini, kwa Kizungu, wan, tuu.

"Kwa Kimaasai," nikasema. "Hizo ng'ombe hazikuenda shule."

"Nabo," akasema. Akageuza kofia mkononi. "Are. Uni."

"Na kidole. Seleyian si alinyoosha kidole?"

Akanyoosha kidole. Akaendelea, moja moja. Alipofika kwa ile nyeupe ya mama yake, ile ambayo mama yake alimwachia akifa, kidole kikasimama hewani. Seleyian alinishika mkono kutoka nyuma.

"Koko, inatosha."

"Haitoshi." Nikamwambia Meitamei, "Hata hiyo."

Akahesabu hata hiyo. Akamaliza mpaka ndama ya mwisho iliyokuwa imejificha chini ya mama yake. Nikamwambia sasa awaambie watu ni nani amehesabu ng'ombe hapa Kisaju.

"Ni mimi."

"Na msichana wa Parsaoti?"

Aligeuka akamtafuta Seleyian kwa macho, na nitasema ukweli, alimwangalia yeye, si mimi. "Seleyian hakuhesabu," akasema. "Hakuwahi kuhesabu hata moja."

Wote walisikia, na wengi wao ni wale waliokuwa nje ya kanisa. Alivaa kofia, akaitoa tena. Akasema pole pole, "Takwenya, ng'oto Parsaoti."

"Iko," nikasema.

Nikamfungulia stoo. Seleyian na Khisa ndio walimpakilia nyasi, mimi singemshikia hata unyasi mmoja. Walipoondoka Seleyian aliniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia sana. Akasema haikuwa lazima ile nyeupe. Nikaokota ufagio. Akaniambia ng'ombe zake zikifa sasa watu watasema ni mimi nimezimaliza.

"Waseme," nikamwambia. "Mimi si wa kuposwa."

Alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka hadi akakaa chini kwa nyasi.

Ng'ombe moja ya Meitamei ilikufa baadaye, dume mdogo. Hakusema ni kwa sababu gani. Angesema nini? Ile nyeupe iko hai, imenenepa, imekula nyasi yangu. Soko lilipofunguliwa Seleyian alirudi na simu yake, na anaponyoosha kidole hakuna anayeficha ndama. Watu wa Mashuuru walituma mtu tena, na sukari nyingi kuliko ile ya kwanza, kusema wao wako tayari. Nilimwambia Seleyian ajibu mwenyewe. Alifikiria, akapangusa makombo ya mkate kwa shuka, akamwambia yule mjumbe awaambie yeye anangoja kwanza.

Na Meitamei akipita hapa siku ya soko, anasimama kwa lango, anavua kofia, anasema takwenya. Nitamjibu. Lakini kwanza namaliza kufagia, na uwanja wangu ni mkubwa.